Dodoso 200 zinatosha kueleza waliojitokeza kupiga kura 2010 na 2015?

Mwanauzamili: Wakuu, uchaguzi mkuu wa Tanzania wa 2010 walipiga kura kama asilimia 43 ya walioandikishwa, 2015 wakafika 67. Nataka kueleza tofauti hiyo. Bajeti yangu ni dodoso 200, mikoa minne. Au nifanye mahojiano tu?

Mchambuzi: Anza na asilimia yenyewe. Daftari la 2010 lilikuwa na watu milioni 20.1, la 2015, lililoandikwa upya kwa BVR (mashine za alama za vidole na picha), milioni 23.2. Daftari la zamani hubeba marehemu na waliohama, hivyo asilimia hushuka hata pasipo mtu kususa. Gawanya kura kwa makadirio ya watu wa miaka 18 na zaidi, ukitumia sensa. Pengo halitafutika, maana kura zilipanda kutoka milioni 8.6 hadi 15.6, ila utajua ukubwa wake halisi.

Sampuli: Dodoso 200 kwa mikoa minne ni watu 50 kila mkoa, yaani jibu linaweza kukosea kwa asilimia 14 juu au chini (±14). Mkoa wenye asilimia 45 na wenye 60 hutaweza kuitofautisha. Heri upakue data za Afrobarometer, utafiti wa maoni ya wananchi barani Afrika, ni bure: Tanzania huhoji watu kama 2,400, ambayo ni ±2. Tahadhari mbili. Watu hudai walipiga kura hata kama hawakupiga, kwa hiyo asilimia ya dodoso huwa juu kuliko ya Tume. Pili, mwishoni mwa dodoso kuna swali la nani anadhaniwa kuwatuma wahoji. Wanaotaja serikali wachambue peke yao, kwa sababu majibu yao kuhusu viongozi yanaweza kuwa ya woga.

Mtaa kwa Mtaa: Sawa, lakini dodoso litakwambia *nani* hakwenda, halitakuonyesha vyama vilivyohamasisha au kulala. Hapo ndipo mahojiano yanahitajika. Kosa la wengi ni kuchagua majimbo ambako wachache walijitokeza tu. Sababu unayoishuku huenda ipo pia kule watu walikojaa vituoni. Chukua mawili ya chini na mawili ya juu yanayofanana kwa mengine. Kumbukumbu za 2010 zimechuja, zilinganishe na magazeti ya wakati ule. Na barua ya chuo ipeleke mapema: Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, ndipo mtendaji wa kata.

Mwanauzamili: Matokeo ya majimbo nayo? Yenye vijana wengi yakiwa chini, si ndiyo vijana hawakupiga?

Sampuli: Hapana. Huenda wazee wa majimbo hayohayo ndio waliobaki nyumbani. Takwimu za jimbo hazimsemei mtu mmojammoja.