Naomba ushauri: kuhamisha mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta

Habari zenu wakuu. Nina zahanati binafsi Morogoro. Daktari ni mimi, kuna wauguzi wawili na mtu wa maabara. Mama wa presha akija bila kadi, tunahangaika na kabati la mafaili huku foleni inarefuka. Wakati mwingine naandika dawa bila kuona vipimo vya mwezi uliopita, na hilo linanitia hofu kweli.

Nimeangalia OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ni ya bure, na wenzetu wa Eldoret, Kenya, waliianza tangu 2006. Ila bure ni programu tu, fundi wa kuifunga na kuitunza analipwa. Mifumo ya kulipia kila mwezi mingi inategemea intaneti, na huku umeme ukikatika mtandao nao unaondoka.

Wenye vituo vidogo, mlianzaje? Mafaili ya zamani mliingiza yote, au mgonjwa anaingizwa siku anayorudi? Mimi naelekea hilo la pili. Nakala za akiba mnaweka wapi bila kukiuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022? Na vitabu vya MTUHA (rejesta za serikali za taarifa za huduma za afya) bado mnajaza? Muuguzi mmoja anaogopa kazi itakuwa mara mbili, na naona ana hoja.