Mjadala: Kufunguliwa eskro ya kodi ya majengo bila kuulizwa, ni haki ya mkopeshaji au ni ubabe?

MLETA MADA (Texas)

Wakuu, tulio Marekani na tuliokopa kununua nyumba, hili tuliseme wazi. Unalipa mogeji yako kwa wakati, kodi ya majengo unaipeleka kaunti mwenyewe, kisha mwezi mmoja bili inakuja imepanda kwa mamia ya dola. Ukipiga simu unaambiwa umefunguliwa akaunti ya eskro: kuanzia sasa kampuni inayosimamia mkopo ndiyo itakusanya hela ya kodi kila mwezi na kukulipia. Nani kawaomba?

Tuone inavyouma. Nyumba ina kodi ya dola 6,000 kwa mwaka, mogeji ni 1,600 kwa mwezi. Kampuni inasema ya mwaka huu imeshalipa, kwa hiyo irudishiwe: ukizigawa kwa miezi 12 ni 500 kila mwezi. Ongeza 500 nyingine za kukusanya kodi ya mwakani. Bado akiba ya tahadhari, ambayo chini ya RESPA, sheria ya shirikisho ya 1974 kuhusu mikopo ya nyumba, inaweza kufika sehemu moja ya sita ya malipo ya mwaka, yaani 1,000. Nayo ukiigawa ni kama 83. Mogeji ya 1,600 imekuwa 2,683. Na huyo kabahatika, maana akaunti ikiwa hasi kanuni zinairuhusu kampuni kudai pengo hilo hata kwa mafungu mawili tu ya mwezi.

Sasa wewe, kwa kuwa hujakubaliana nao, unatuma 1,600 zako kama siku zote. Umeingia mtegoni. Malipo pungufu yanaweza kuwekwa pembeni bila kuhesabiwa kuwa ni malipo, faini za kuchelewa zinaanza, na deni likipita siku 120 kampuni inaruhusiwa kuanza taratibu za kuinadi nyumba. Mtu hajaruka hata mwezi mmoja maishani mwake!

Kinachonikera zaidi ni hiki. Kampuni ikitaka kukutoza bima ya nyumba iliyokukatia yenyewe, kanuni za shirikisho zinailazimu ikuandikie walau siku 45 kabla, na ikukumbushe tena. Kwenye kodi hakuna onyo la namna hiyo. Akaunti ikifunguliwa katikati ya mkopo, taarifa yake ya kwanza inaweza kukufikia hata siku 45 baada ya kufunguliwa. Bima unaonywa kabla, kodi unajulishwa baada. Msimamo wangu: kodi ipewe barua ileile ya bima, na mwenye nyumba apewe nafasi ya kuonyesha risiti. Karibuni, hata wa kunipinga.

MCHANGIAJI (Ohio)

Mkuu, mimi nimekaa upande wa pili wa hiyo simu miaka kadhaa, kwa hiyo nitakupinga kama ulivyoomba. Hilo la "bila kuulizwa" silipokei. Mkataba wa mfano wa Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ambao wengi wetu tumeusaini, unasema kwenye kifungu cha 3 kwamba eskro ndiyo kawaida. Kulipa kodi mwenyewe ni ruhusa unayopewa kwa maandishi, na mkopeshaji anaweza kuiondoa wakati wowote kwa kukupa notisi. Kifungu cha 9 kinamruhusu pia kulipa anachokiona ni cha lazima kulinda nyumba na kukiongeza kwenye deni lako. Ulisaini. Kwamba hukusoma siku ile kwa sababu ulikuwa unawaza funguo, hilo ni lingine. Na wenye mikopo ya FHA, ile inayowekewa bima na serikali, hata ruhusa hiyo hawana.

Halafu jiulize kwa nini wana hofu. Deni la kodi linatangulia deni la mogeji. Kaunti ikiuza nyumba, inalipwa yenyewe kwanza. Kabla ya 2008 watu waliuziwa mikopo bila eskro makusudi ili malipo ya mwezi yaonekane madogo, bili ya kodi ikija hawana kitu. Ndiyo maana baada ya Dodd-Frank, sheria ya 2010 ya kudhibiti mabenki, mikopo yenye riba ya juu ikalazimishwa kuwa na eskro kwa miaka isiyopungua 5. Kanuni hiyo iliwekwa kumlinda mkopaji, sio benki.

MCHANGIAJI (Minnesota)

Mimi hapa Minneapolis niko na escrow na sina shida nayo, tena nashukuru. Kesi ya mama Geraldine Tyler ilitoka hapa hapa, kaunti yetu ya Hennepin. Alikuwa na deni la kodi la kama dola 15,000, sehemu kubwa ikiwa faini na riba, kaunti ikauza nyumba yake kwa 40,000 na ikabaki na pesa zote. Ilibidi afike Mahakama ya Juu, akiwa na miaka 94, ndipo akashinda mwaka wa 2023. Sasa mwambie mkopeshaji alale usingizi.

Malalamiko yangu ni mengine. Pesa zangu zinakaa kwao miezi mingi bila riba. New York wana sheria ya kulipa asilimia 2, na Bank of America ikasema haiihusu kwa kuwa ni benki ya kitaifa. Mei 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Cantero, ikairudisha kesi chini ikachambuliwe upya. Kama mnataka kupigana, piganeni hapo.

MCHANGIAJI (Texas)

Wabongo mnashangaa nini? Nyumbani Tanzania tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kununua kabla ya kutumia. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda ikawa 1,500. Mpangaji ananunua umeme anakuta kalipia kodi ya nyumba isiyo yake. Hakuna aliyeulizwa na tukazoea.

MLETA MADA (Texas)

Ndugu wa LUKU, kule kodi ilipitishwa bungeni na kiwango kinajulikana mtaa mzima. Mimi sibishani na kaunti, kodi yake naijua na nalipa. Nabishana na kampuni binafsi inayojipachika katikati.

Dada wa Minnesota, la riba umenena, nitakuunga mkono kwenye uzi wake. Ila eskro yako uliitaka.

Mkuu wa Ohio, saini ninaikubali. Lakini ruhusa inayoweza kufutwa wakati wowote, hata kwa mtu aliyelipa, inamlinda nani? Makosa mengine ni ya kitoto: namba ya kiwanja imekosewa, malipo yameingia kwa jirani, mkopo umeuzwa kwa kampuni nyingine na mafaili hayakuhama yote. Na wazee wetu je? Sheria ya Texas inamruhusu mwenye miaka 65 kuahirisha kodi ya nyumba anayoishi, lakini kama bado ana mogeji, mkataba unamdai kodi hiyo isiwe deni. Haki anayo kwa kaunti, kwa mkopeshaji hana.

Kwa ambao limeshawakuta: simu haitoshi. Andika barua ya kudai kosa lirekebishwe, itume kwenye anwani waliyoitenga kwa malalamiko, na usiyaandike kwenye kikaratasi cha malipo. Wana siku 5 za kazi kukiri wameipata na kwa kawaida siku 30 za kazi kuijibu, na kwa siku 60 hawaruhusiwi kukuchafua kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo kuhusu malipo yanayobishaniwa. Ambatisha risiti ya kaunti.

MCHANGIAJI (Ohio)

Barua ya siku 45 naweza kuikubali. Lakini hapo kwenu Texas kodi isipolipwa hadi Januari 31, Februari 1 inaanza na asilimia 7, faini na riba kwa pamoja. Tukisubiri siku zako 45, nani atazilipa?

MLETA MADA (Texas)

Tenganisha mambo mawili. Kumbukumbu za kaunti ziko wazi mtandaoni, kuangalia kama nimelipa ni kazi ya dakika moja. Wakikuta sijalipa, walipe siku hiyohiyo na wanidai. Siku 45 ni za kufungua akaunti na kunipandishia bili ya kila mwezi. California kwa nyumba nyingi za kuishi mkopeshaji hawezi kulazimisha eskro mpaka mtu ashindwe kulipa awamu mbili mfululizo, ukiacha waliotanguliza pesa kidogo wakati wa kununua na mikopo ya serikali.

MCHANGIAJI (Ohio)

California awamu mbili ni mwaka mmoja, ya Desemba na ya Aprili. Texas mnalipa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo awamu mbili ni miaka miwili. Hapo nakataa.

MLETA MADA (Texas)

Basi iwe moja. Moja isiyo na risiti, baada ya barua na siku 45. Hapo unakataa nini?