Tunamjengea bibi nyumba, shemeji yake kaja na futi kupima kiwanja. Tuendelee au tusimame?

Habarini wakuu. Sisi ni wamama 14 wa kikoba huku Chanika, kazi yetu ilikuwa kukopeshana na kula vitumbua jumamosi basi, mpaka masika nyumba ya udongo ya bibi mmoja jirani ikadondoka ukuta mzima wa nyuma, ana wajukuu wanne wakawa wanalala kwenye banda la kuku lililozungushiwa turubai. Tukaamua tumjengee vyumba viwili na sebule. Fundi tunalipa mmoja tu, saidia fundi ni sisi wenyewe, msingi tumechimba kwa sururu, zege tumekoroga na chepe, mikono malengelenge matupu. Vijana wa kijiweni mwanzo walitucheka, sahivi wanatubebea maji.

Sasa tumefika kozi (mstari wa tofali) ya tatu ya msingi, mdogo wa marehemu mume wa bibi, ambaye siku ukuta unaanguka hata simu hakupiga, katokea na futi anapima eti mali ya ukoo, jengeni tu mtaiacha. Bibi hana karatasi, marehemu alinunua zamani kwa maneno. Wenzangu wengine wanasema tupandishe fasta mpaka lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha) atachoka mwenyewe, mimi naogopa tutakuwa tumemjengea shemeji. Halafu tofali za juu, tununue za saruji au tufyatue?

Mzee wa Timazi: Simamisheni leo leo. Msingi ukikaa hata miezi miwili hauharibiki, jazeni kifusi mmwagie maji mshindilie, kitashuka vizuri kabla ya jamvi, yani zege la sakafu. Hamjapoteza kitu. Ukishapaua ndo utalia.

binti_kariakoo: Pandisheni bana, nyumba ikiwa na bati nani atamtoa bibi?

Nimeyaona Mahakamani: @binti_kariakoo anatolewa vizuri tu, nimeona kwa macho yangu kwa mama mdogo. Dada, mali ya kununua sio ya ukoo, na sheria ya ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, ila bila ushahidi ni kelele. Mtafuteni aliyeuza au majirani wa mipaka waandikishe maelezo serikali ya mtaa. Halafu kikao cha familia kiwe na muhtasari, chukueni na cheti cha kifo, nendeni Mahakama ya Mwanzo mfungue mirathi. Shemeji akisusa kikao andikeni kasusa.

mkwezi: Waume zenu wanakula saa ngapi jamani 😂

Mama Wawili: @mkwezi wanajipikia. Nendeni Chamazi mkaone wale waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, vikundi vya akiba, wengi wanawake. Walinunua ardhi kwanza kwa pamoja, tofali za kufungamana, zile zinazoshikana zenyewe, wakafyatua wenyewe baadae.

Mbongo Carolina: Mimi nipo Charlotte, Marekani, hapa ndo mwaka 1991 wanawake watupu walijenga nyumba na Habitat for Humanity, shirika la kujenga nyumba kwa kujitolea, nimejitolea mara mbili nikapigilia misumari mpaka bega likagoma. Familia haipewi bure, inafanya masaa yake kwenye ujenzi na inalipa mkopo taratibu. Na nyie washirikisheni wa bibi.

Mama Wawili: Bibi wa watu akoroge zege?? 

Mbongo Carolina: Wajukuu wakubwa wanamwagilia tofali mama, hata uji wa mafundi ni kazi.

Mzee wa Timazi: Kuhusu tofali, za kufungamana zinaokoa saruji kwa sababu kozi hazipangwi na mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga). Ila udongo usiwe mfinyanzi mtupu, utapasuka, watafuteni NHBRA wale wakala wa serikali wa nyumba bora wawapimie. Mkifyatua zikae kivulini, zimwagiliwe siku 7, msianike juani kama dagaa.

Mleta uzi: Asanteni sana. Tumesimama, leo tumejaza kifusi tu. Na mzee aliyeuza tumempata, yupo hai Msongola, anakumbuka mpaka mwembe wa mpakani na alilipwa kwa awamu mbili, jumatatu tunaenda nae kwa mwenyekiti wa mtaa. Shemeji kasikia kaondoka kwa hasira kaacha futi yake hapa, fundi anasema ni nzuri kuliko ya kwake.