MSP430 na fleshi ya SPI: kwenye debaga inaandika, ikikimbia yenyewe haiandiki

fundi_mizinga:
Wakuu habari za jioni. Nina MSP430G2553 (kompyuta ndogo ya chipu moja) nimeifunga kwa nyaya za SPI na fleshi ya W25Q32 (chipu ya kumbukumbu), inarekodi joto ndani ya mizinga ya nyuki ya mzee huko Tabora, betri mbili za AA, inalala LPM3 (usingizi wa kubana umeme) inaamka kila dakika 10. Nikisoma ID napata EF 40 16 safi kabisa, ila nikiandika peji halafu niisome naambulia FF (yaani tupu) mwanzo mwisho. Cha ajabu nikitembeza kodi mstari kwa mstari kwenye debaga inaandika!! Waya nimebadilisha, chipu nimebadilisha, nimechoka. UCCKPH (biti ya kuchagua ukingo wa kloki) nimeweka 1, najua humu iko kinyume na CPHA ya wengine, ilishanikesha hiyo. Kutuma nasubiri bendera ya UCB0TXIFG naweka baiti kwenye bafa ya kutuma UCB0TXBUF, mwisho nasubiri tena TXIFG halafu napandisha CS (waya wa kuichagua fleshi).

saketi_tupu:
Mkuu hiyo TXIFG ndo inakudanganya. Haisemi baiti imefika, inasema bafa iko wazi leta nyingine. Ukiweka baiti inahamia hapo hapo kwenye rejista ya kusukuma, bendera inapanda, wakati biti ndo kwanza zinaanza kutoka moja moja. Kloki ikiwa 125 kHz baiti moja ni mikrosekunde 64, we CS umeshaipandisha zamani, sawa na konda kugonga bodi wakati abiria wa mwisho mguu mmoja bado uko chini. Na hizo fleshi hazina huruma, CS isipopanda baada ya biti ya nane kamili amri yote inatupwa, peji nzima, hata ile 06 ya kuruhusu kuandika. Kwenye debaga inakubali sababu mpaka ubonyeze kitufe biti zimeshapita. Subiri UCBUSY (biti inayowaka wakati SPI bado inatuma) kwenye UCB0STAT izime ndo upandishe CS.

baiti_moja:
Mi nashauri atumie intarapti (ishara ya kuikatiza CPU) alale LPM0 (usingizi mwepesi) kati ya baiti na baiti, si anataka betri idumu

saketi_tupu:
Hapana ndugu, piga hesabu. CPU 1 MHz na SPI 500 kHz, baiti nzima ni saiko 16. Kuingia intarapti saiko 6, kutoka 5, hapo umelala saa ngapi? Amka, sukuma peji yote mfululizo, lala. Ingekuwa MSP430 ndo slevu ningekuelewa, maana kloki inaletwa na bwana wake, inaweza kupokea hata ikiwa LPM4 kloki zote za ndani zimezimwa na baiti ikiingia ndo inaiamsha.

Betri inaliwa kwingine: fleshi yenyewe. Ukimaliza kuandika subiri biti ya BUSY kwenye stetasi yake ishuke, kisha tuma B9 ilale na yenyewe, la sivyo inakunywa kuliko hiyo MSP430 iliyolala.

fundi_mizinga:
Aisee UCBUSY imemaliza kazi, mstari mmoja tu!! Siku 4 hizo. B9 nayo nimeweka, ila asubuhi fleshi ikagoma hata kutoa ID, nimetoa jasho nikidhani nimeiunguza, kumbe ikishalala haisikii amri yoyote mpaka uiamshe na AB 😂 Sasa natuma AB, nasubiri kidogo, ndo naendelea. Kesho naenda porini kuifunga.