Aviat, Ceragon au Clearfield: hisa ipi ya kampuni ndogo ya vifaa vya simu?

Mwana Pangani (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam kutoka Muscat. Naomba tuchambue pamoja kampuni tatu ndogo zinazotengeneza vifaa vya mitandao ya mawasiliano. Zote zinauzwa Nasdaq, soko la hisa la Marekani. Nina akiba ambayo sitaigusa kwa miaka minne mitano, na kwa kuwa nalipwa kwa rial iliyofungwa kwa dola, kubadilisha fedha hakunisumbui. Nyumbani nina hisa za benki za NMB na CRDB na nimeridhika nazo. Huku natafuta kampuni yenye nafasi ya kukua, siyo yale majina makubwa ambayo kila mtu keshayapandisha bei.

Ya kwanza ni Aviat Networks ya Austin, Texas. Inatengeneza redio za maikrowevu, zile zinazounganisha mnara na mnara pale ambapo faiba haijafika. Ilianza 2007, kitengo cha maikrowevu cha Harris kilipoungana na Stratex, ikachukua jina la Aviat 2010. Mwaka wake wa fedha unaishia Juni. Ule wa 2024 iliuza dola milioni 408, na ule wa 2025 milioni 434 hivi.

Ya pili ni Ceragon ya Israel, kazi ileile ya redio. Mwaka 2024 iliuza milioni 394 na kubaki na faida halisi ya kama milioni 24. India ndiko ilikouza zaidi.

Ya tatu ni Clearfield ya Minnesota. Hii haigusi redio. Inatengeneza makabati, masanduku na viunganishi vya faiba vya kufikisha intaneti majumbani. Mauzo yake yalikuwa milioni 271 mwaka 2022, yakaanguka hadi milioni 167 mwaka 2024. Ila ina fedha taslimu nyingi na deni dogo.

Hakuna hata moja inayotoa gawio. Mimi navutiwa zaidi na Aviat, kwanza kwa sababu Afrika inafahamika, kampuni ya simu ya MTN ni mteja wake wa miaka mingi. Nikosoeni kabla sijabonyeza kitufe.

Fundi Masafa

Mkuu Pangani, hisa siyo fani yangu, minara ndiyo kazi yangu, nyanda za juu kusini. Nikueleze kinachotokea huku juu, maana ndicho unachonunua.

Kiungo kimoja cha maikrowevu ni sahani mbili zinazotazamana, labda kilomita 20 au 30. Mimi napanda upande huu, mwenzangu anapanda upande wa pili. Nachomeka mita kwenye tundu dogo la redio, nasoma volti huku nalegeza na kukaza boliti za sahani kidogo kidogo. Kwenye redio za Ceragon nilizofunga, mita ikisoma volti 1.40 ujue mawimbi yanapokelewa kwa dBm hasi 40 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), na namba ikishuka ndiyo mapokezi yanaimarika. Tukishapata kilele cha mapokezi tunakaza, tunashuka.

Sasa sikia hili: redio ya upande mmoja lazima iongee na ndugu yake upande wa pili. Huwezi kuweka Aviat huku na Huawei kule. Kwa hiyo kampuni ya simu ikishakuwa na viungo elfu kadhaa vya aina moja, itaendelea kununua vipuri, leseni za kuongeza uwezo na redio za aina hiyohiyo kwa miaka. Ndiyo maana mimi naona jambo kubwa Aviat walilofanya ni kununua biashara ya maikrowevu ya NEC, kampuni ya Japani, ilikamilika mwisho wa Novemba 2023. Redio za Pasolink za NEC zimejaa kwenye minara ya Afrika. Wamenunua wateja ambao tayari wamefungwa sahani zao.

Lakini kamba hiyohiyo inawafunga na wao. Palipo na Huawei hawaingii kirahisi, na mchina anakuja na mkopo juu, mteja anachukua vifaa sasa analipa baadaye. Mtandao ukiamua kubadilisha mkoa mzima, tunang'oa kila kitu kwa mwezi mmoja. Nimeng'oa redio ambazo bado zilikuwa nzima kabisa.

Mhasibu wa Nakuru

Asante Fundi, hiyo picha ya sahani mbili imeeleza biashara nzima kuliko ripoti nyingi. Ndugu Pangani, mimi ni mhasibu, kwa hiyo nitakupeleka kwenye kurasa ambazo wanunuzi wengi wa hisa hizi hawafungui.

Usianze na mauzo. Anza na fedha iliyoingia kutokana na shughuli za biashara, uiweke kando ya faida halisi, miaka mitano mfululizo. Kampuni za vifaa vya mtandao zinauza kwa mikataba mirefu. Zinatambua mapato kazi inapoendelea, lakini ankara inaweza kutoka miezi mingi baadaye, na malipo baadaye zaidi. Kwa Aviat tafuta mstari wa mapato ambayo hayajatolewa ankara. Ni kiasi kikubwa kwa kampuni ya ukubwa huo. Mauzo yakipanda na mstari huo ukapanda haraka kuliko mauzo, hapo kampuni inajiandikia ushindi ambao mteja hajaulipia.

Halafu kuna hili, na sitalipunguza makali: ripoti yao ya mwaka 2024 ilichelewa, na walikiri kuwa na udhaifu mkubwa katika udhibiti wa ndani wa hesabu. Robo iliyofuata, ya Julai hadi Septemba 2024, walipata hasara ya karibu dola milioni 12. Mwaka mzima wa 2025 ukaisha na faida ya kama milioni 1 juu ya mauzo ya milioni 434. Hiyo faida ni nyembamba mno. Mzigo mmoja ukichelewa bandarini, robo imeharibika.

Kwa nini nakazania hesabu? Kwa sababu ya DZS ya Plano, Texas. Ilikuwa kampuni ya ukubwa huohuo, vifaa vya intaneti ya majumbani, wateja mabara kadhaa. Mwaka 2023 ikatangaza kwamba hesabu zake zilizotangulia zisitegemewe, tatizo likiwa namna ilivyotambua mapato. Ikaondolewa Nasdaq. Machi 2025 ikaomba kufilisiwa, ile ya kuuza mali na kufunga milango. Mwenye hisa anasimama mwisho wa foleni, nyuma ya benki, wasambazaji na wafanyakazi. Mwaka mmoja kabla, Airspan na Casa Systems nazo zilikuwa mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, moja Machi na nyingine Aprili 2024. Kampuni tatu za sekta hii moja, ndani ya miezi kumi na miwili hivi.

Sisemi Aviat ni DZS. Nasema mtu anayenunua sekta hii asome hesabu kwanza, teknolojia baadaye.

Kijana wa Kahama

Wakubwa shikamooni. Si anunue zote tatu kidogo kidogo? Hatari inagawanyika.

Mhasibu wa Nakuru

Marahaba. Inagawanyika kwa sehemu tu. Aviat na Ceragon wanagombea zabuni zilezile, na bajeti ya wateja wao inapanda na kushuka kwa pamoja. Riba ikipanda, kampuni za simu zote zinaahirisha manunuzi, nazo mbili zinaumia mwezi mmoja. Ukizishika zote mbili umebeti mara mbili kwenye jambo moja. Clearfield ndiyo ina mzunguko wake tofauti kidogo, ila naye anategemea matumizi ya watoa huduma.

Dada wa Minneapolis

Nimeona Clearfield nikaona niingie, maana kampuni hiyo iko Brooklyn Park, mji ambao Wakenya na Waliberia tumejaa. Nimefanya kazi ya manunuzi kwenye ghala la vifaa vya faiba (siyo kwao), na nimeuona mzunguko huu kwa karibu.

Mwaka 2021 na 2022 vifaa vilikuwa adimu. Ukiagiza kabati unaambiwa subiri miezi mingi. Wanunuzi wakafanya nini? Waliohitaji makabati mia waliagiza mia mbili, kwa wasambazaji wawili. Kwenye vitabu vya Clearfield ilionekana kama mahitaji yamelipuka. Hisa ikapita dola 130 mwishoni mwa 2022. Kisha mizigo yote ikafika kwa wakati mmoja. Nakumbuka makabati yamepangwa uani, bado yako kwenye plastiki, theluji juu yake, na bosi anasema hakuna kuagiza chochote mpaka haya yaishe. Yalichukua muda mrefu kuisha. Faida ghafi ya Clearfield (mauzo ukitoa gharama za kutengeneza bidhaa) iliyokuwa zaidi ya asilimia 40 ya mauzo mwaka 2022 ikaanguka chini ya asilimia 20 mwaka 2024, mwaka ule wakaandika hasara ya zaidi ya milioni 12. Hisa ilifika chini ya dola 30.

Lakini angalieni uongozi ulifanya nini kileleni. Desemba 2022 waliuza hisa mpya kwa dola 100 moja. Fedha hiyo ndiyo iliyowavusha ukame bila kukopa, na baadaye wakaanza kununua hisa zao tena zikiwa rahisi. Kwangu hiyo ni alama kubwa kuliko bidhaa yoyote. Waliouziwa kwa dola 100 waliumia, hilo ni kweli, lakini kampuni ilibaki hai.

Wasiwasi wangu ni kwenye fedha za serikali. Sheria ya Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 42.45 za kupeleka intaneti vijijini Marekani, na wachambuzi wengi waliipigia Clearfield hesabu kwa fungu hilo. Miaka imepita, ujenzi umechelewa, na Juni 2025 kanuni zilibadilishwa ili setilaiti na redio zishindane na faiba kwa usawa zaidi. Kila kijiji kitakachopewa setilaiti hakihitaji kabati. Usinunue Clearfield kwa sababu ya fungu hilo pekee.

Mwana Pangani

Dada, asante sana, hilo la hisa mpya za dola 100 sikulijua. Mhasibu, nimefungua ripoti za Aviat usiku wa jana na nimeuona mstari wa ankara. Umenitia baridi. Kinachonishikilia bado ni biashara yao na polisi, zimamoto na majimbo ya Marekani. Wateja hao hawahami ovyo na wanalipa. Na Ceragon je? Hamjaigusa.

Mzee Bakari wa Temeke

Ceragon nimeifuatilia muda mrefu, mwanangu. Juni 2022 Aviat walitaka kuinunua kwa dola 2.80 kwa hisa. Bodi ikakataa, ikasema bei ni ndogo. Agosti Aviat wakataka bodi ibadilishwe, wanahisa wakapiga kura kuiacha bodi ilivyo. Mwanzoni mwa 2025 hisa ikapita dola 5, na waliokataa walionekana mashujaa. Miezi michache baadaye ilikuwa imerudi chini ya nusu ya hapo.

Sababu ni India. Wateja wakubwa wa India wakiwa wanajenga, Ceragon inafanya vizuri sana, kama ilivyofanya 2024. Wakipumzika, hakuna wa kuziba pengo. Ukiitaka, nunua wakati India imelala na watu wameikatia tamaa, siyo wakati magazeti yanaisifu. Na usiweke oda ya bei yoyote ya soko. Hisa ndogo hizi siku nyingine wanunuzi ni wachache, weka bei yako uisubiri.

Kwa upande wa Aviat nakubaliana na Fundi kuliko Mhasibu. Udhaifu wa hesabu unarekebishika ndani ya mwaka mmoja au miwili, wakaguzi wakiwabana. Viungo vya NEC vilivyofungwa milimani havihamishiki.

Mhasibu wa Nakuru

Mzee wangu, havihamishiki lakini havijilipi vyenyewe. Mteja wa Afrika anaponunua kwa dola huku sarafu yake imeporomoka kama naira ilivyoporomoka 2023, malipo yanachelewa hata akiwa na nia njema. Nitaipenda Aviat siku ripoti ya mwaka itakaposema udhaifu umemalizika na fedha iliyoingia ikalingana na faida miaka miwili mfululizo. Nitakuwa nimekosa sehemu ya kupanda kwa bei. Nakubali.

Fundi Masafa

Hapo kwenye malipo ana haki. Nimeona redio zinakaa kwenye kontena kwa sababu mteja hajamalizana na msambazaji.

Mwana Pangani

Basi nimeamua hivi. Sehemu ndogo Clearfield sasa, kwa sababu ya fedha taslimu na uongozi unaojua lini auze na lini anunue. Aviat nasubiri ripoti ya mwaka kama Mhasibu alivyosema. Ceragon naiweka kwenye orodha, nisubiri India ilale kama Mzee Bakari alivyoshauri. Zote pamoja hazitazidi sehemu ya kumi ya akiba. Swali la mwisho: kodi ikoje kwa sisi tusio raia wala wakazi wa Marekani?

Dada wa Minneapolis

Jaza fomu W-8BEN kwa dalali wako, ile ya kuthibitisha kuwa wewe si raia wala mkazi wa Marekani, inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini. Gawio linakatwa asilimia 30, maana Oman, Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, ila hizi zako hazitoi gawio. Faida ya kuuza hisa kwa kawaida Marekani haiwatozi wasio wakazi, angalia sheria za unakoishi. Kikubwa ambacho wengi hawakijui ni kodi ya mirathi. Asiye mkazi akifariki na mali za Marekani zinazozidi dola 60,000, familia inaweza kudaiwa hadi asilimia 40 ya kinachozidi. Aviat na Clearfield zinahesabiwa humo. Ceragon ni kampuni ya Israel, haihesabiwi. Mwandikie mke wako jina la dalali na namba ya akaunti mahali atakapopaona.

Mwana Pangani

Nimemwandikia sasa hivi. Ripoti ya Clearfield ikitoka Novemba nitaileta hapa tuisome mstari kwa mstari.