Jiko limefika mwisho: gesi, umeme au mbili kwa mbili? Tupeane uzoefu

Mama Nuru, Tabata
Wapendwa, jiko langu la miaka 9 limechoka. Oveni haishiki moto, na gesi inatoa moto mwekundu unaojaza masizi kwenye sufuria. Nimekwenda Kariakoo, muuzaji akaniuliza, "Gesi tupu, umeme tupu, au mbili kwa mbili, yaani pleti mbili za gesi na mbili za umeme?" Nikakosa jibu, nikarudi nyumbani. Tuko watu 6, maharage tunapika mara tatu kwa wiki, na mtungi wa kilo 15 unaisha kabla ya mwezi. Mliobadilisha karibuni, naomba mnieleze yaliyowakuta.

Mama Pacha, Kimara
Shoga, mimi nilichukua la kioo, lile la sumaku. Siku ya kwanza nabandika chai, jiko linalia tu, haliwaki. Sufuria zangu zote alumini, na lenyewe linataka chuma kinachonata sumaku. Nenda na sumaku, gusa kitako cha sufuria zako kabla hujalipa. Baada ya kununua sufuria mpya nalipenda: maji yanachemka upesi kuliko gesi, na jikoni hakuna joto. Ugali ndio ulionishinda. Ukisonga, sufuria inateleza, ukiinyanyua kidogo jiko linakata moto. Nimerudisha kamtungi ka kilo 6 kwa ajili ya ugali na chapati.

Fundi Umeme, Mbagala
Dada, angalia nyaya kwanza. Mteja wangu alichomeka jiko la pleti 4 na oveni kwenye soketi ya kawaida. Soketi ya ampia 13 inabeba kama wati 3,000, na oveni na pleti mbili zikiwaka pamoja zinapita hapo. Nilikuta soketi imeyeyuka, na ganda la waya ndani ya ukuta limekauka linapukutika. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Jiko la namna hiyo linataka waya wake wa milimita 6, breka yake na swichi yake. Hiyo gharama iweke kwenye bei ya jiko tangu mwanzo.

Mwalimu, Morogoro
Mimi nilishika daftari mwezi mzima. Kwa bei ninayonunulia LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 inanipa kama uniti 2.8. Pleti ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja na nusu, zaidi ya shilingi 500. Kwa maharage hiyo ni hasara. Kilichoniokoa ni presha kuka ya umeme: ikishapata presha inawaka na kuzima yenyewe, na maharage yaliyolala kwenye maji hayanimalizii nusu uniti. Ila aliye kwenye bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi apige hesabu vizuri, kwa sababu uniti inayozidi hapo inalipiwa bei kubwa.

Bi Mkubwa, Unguja
Mwanangu, mie naoka mikate ya kuuza. Oveni yangu ya gesi moto ulikuwa chini tu, mkate unaungua kitako na juu mweupe. Ya umeme ina moto juu na chini, mkate unatoka rangi moja. Lakini pleti za umeme sizitaki. Sisi tulikaa bila umeme miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Aliyekuwa na gesi alipika, na jirani zake wakala.

Mama Nuru, Tabata
Ahsanteni sana, na Bi Mkubwa shikamoo. Nimeamua: gesi 4 juu, oveni ya umeme chini, na presha kuka ya maharage pembeni. Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba amekubali kuchangia nusu ya waya. Mtungi nautoa nje, maana gesi ikivuja inatulia chini sakafuni, na mpira nanunua mpya, wa zamani umeanza nyufa. Fundi, swichi ya jiko niiweke umbali gani kutoka kwenye moto?

Fundi Umeme, Mbagala
Pembeni ya jiko, dada, usiiweke juu yake. Mahali utakapoifikia bila kupitisha mkono juu ya sufuria.