Lithiamu nyingi kwenye nyota: ni ujana au ni sumaku?

Nyotajua: Wakuu, nyota inayofanana na Jua ikikutwa na lithiamu nyingi, papo hapo inaitwa changa, kwa kuwa lithiamu hupungua nyota inavyozeeka. Napinga. Tupime kwanza usumaku wake. Madoa ya sumaku yana joto dogo kuliko uso uliobaki, na hapo atomi nyingi zaidi za lithiamu hubaki na elektroni zake zote. Mstari wake wa nanomita 670.8 unakolea, nasi tunahesabu lithiamu ambayo haipo.

Kimondo: Hoja hii hupendwa na wasioelewa yanayotokea ndani ya nyota. Lithiamu huungua, yaani viini vyake huvunjwa, kwenye kelvini milioni 2.5 hivi. Jua limebakiwa na takriban sehemu 1 kati ya 150 ya kiasi kilichomo kwenye vimondo, ambavyo vimetunza kiasi cha mwanzo. Madoa gani yatafanya hivyo? Ni umri.

Nyotajua: Nimesema wapi kwamba madoa yamemaliza lithiamu ya Jua? Usinilishe maneno. Na kwa kuwa umenifanya sielewi: tabaka la nje la Jua, lile linalochemka na kujichanganya, linaishia kwenye kelvini milioni 2.2 hivi. Halifiki penye kuunguza! Umri peke yake hauteremshi kitu. Lazima chini yake kuwe na kinachokoroga, na kasi ya kujizungusha imo humo, sumaku pia.

Zuhura: Mimi nakwama kwenye kundi la nyota la Kilimia. Nyota zake zimezaliwa pamoja, zina miaka milioni 100 na ushee. Lakini zile baridi kidogo kuliko Jua zinapishana sana kwa lithiamu, na zinazojizungusha kwa kasi ndizo zenye nyingi. Ndugu Kimondo, umri hapo unasemaje?

Kimondo: Dada, umesema mwenyewe, ni baridi kuliko Jua, si zile zinazofanana nalo. Rudi kwa mwanaastronomia Skumanich, 1972: kasi ya kujizungusha, mng'ao wa kalisi, lithiamu, vyote hushuka kadiri nyota inavyozeeka.

Nyotajua: Huo mng'ao wa kalisi ndio kipimo cha usumaku!

Mpevu: Mbona hamgusi sayari? Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba nyota zenye sayari zina lithiamu kidogo.

Kimondo: Ikapingwa 2010. Ukilinganisha nyota zenye umri na metali (elementi nzito kuliko heli) sawa, tofauti inapotea. Tusirudishwe huko.

Zuhura: Mbona unaifunga haraka hivyo? 16 Cygni A na B ni nyota pacha, umri mmoja, zote zinafanana na Jua. A ina lithiamu mara kadhaa ya B, na sayari iliyogunduliwa 1996 inaizunguka B.

Kimondo: Nyota mbili si takwimu.

Zuhura: Kilimia ina mamia, nazo umezikataa. Unataka ngapi?

Mpevu: Au A iliwahi kumeza sayari yake, lithiamu ikaongezeka?

Kimondo: Hilo angalau linapimika. Sayari ikimezwa haileti lithiamu peke yake, inakuja na chuma pia. Leteni vipimo vya chuma vya zote mbili, tuanzie hapo.